Msimcheke Aliyeacha Bia kwa Ajili ya Kitambi



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba radhi mapema, kwa maana tutasema kwa ukali kidogo. Jambo lenyewe ni dogo machoni pa wengi. Lakini mchungaji anayenyamaza kondoo wake wanapoumizana ndani ya zizi ni mtu wa mshahara tu, nasi hatutaki kuhesabiwa hivyo.

Baba mmoja wa parokia yetu, ambaye ametuachia tulisimulie hili bila kumtaja jina, aliambiwa na daktari kwamba uzito wake na shinikizo lake la damu vimepanda mno. Akatafakari, akaona kwamba chanzo kimojawapo ni chupa 3 za bia alizokuwa akinywa karibu kila jioni baada ya kazi. Jumatano ya Majivu akaziacha, akaanza pia kurudi nyumbani kwa miguu. Kufikia Pasaka alikuwa amepungua kilo 4. Alikuja kutuonyesha tundu jipya alilotoboa kwenye mkanda wake, akifurahi kama mtoto, akasema amekusudia kuendelea hivyo hadi Krismasi.

Majuma machache baadaye alialikwa kwenye sherehe ya Kipaimara, nyumbani kwa Mkristo mwenzake. Akaomba maji. Mmoja akamwuliza kama siku hizi ameokoka. Wa pili akamwuliza anameza dawa gani. Wa tatu akasema kwa sauti, ili meza zote zisikie, kwamba mwanamume anayeogopa kitambi amegeuka mwanamitindo. Watu wakacheka. Chupa ikafunguliwa na kuwekwa mbele yake, na aliyeifungua akatangaza kwamba kuikataa ni kumdharau mwenye nyumba. Akainywa. Usiku ule hakuishia kwenye moja, na jioni iliyofuata alirudi kwenye meza yake ya zamani. Alipokuja kutusimulia, alituambia hivi: “Padre, baa sikushindwa. Nimeshindwa uani kwa Mkristo.”

Ndugu zangu, maneno hayo yanatuhukumu sote.

Tunajua hoja ya kwanza mtakayotujibu, maana tumekwisha kuisikia. Mnasema: huyo hakuacha pombe kwa ajili ya Mungu, aliacha kwa ajili ya tumbo lake, kufunga kwa namna hiyo ni majivuno, hakuna thawabu. Basi someni sura ya 15 ya Injili ya Luka. Mwana mpotevu hakuanza safari ya kurudi kwa sababu ya upendo mkamilifu. Alianza kwa sababu ya njaa, akikumbuka kwamba nyumbani kwa baba yake hata vibarua wanashiba. Hiyo ilikuwa sababu ya mwili, tena ya tumbo hasa! Je, baba yake alimsimamisha njiani na kumhoji kama nia yake ni safi? Alimkimbilia, akamkumbatia. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kwamba neema haiangamizi maumbile bali huyakamilisha. Mungu hushika uzi wowote anaoupata mkononi mwa mtu, hata ukiwa mwembamba kama namba ya mizani, akaanza kumvuta nao. Sisi ni nani hata tuukate?

Someni pia sura ya 9 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Mtume Paulo anamtazama mwanariadha anayejinyima mambo yote kwa ajili ya taji litakaloharibika, na wala hamcheki. Anamweka mbele ya Wakristo awe mwalimu wao. Leo Mkristo akijinyima kama mwanariadha yule, sisi tunamfanya kichekesho cha sherehe.

Tena, wapendwa, kilichomsukuma baba yule si majivuno bali ni akili. Hebu tufanye hesabu pamoja. Gramu 1 ya alkoholi hubeba kalori 7, wakati gramu 1 ya wanga hubeba kalori 4 na ya mafuta 9. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye kileo cha asilimia 5, ina kalori zipatazo 200. Chupa 3 ni kalori 600, yaani kama sahani nzima ya ugali inayoongezwa juu ya chakula cha jioni, nayo haishibishi. Mwili hauna ghala la kuwekea alkoholi, hivyo huanza kuishughulikia hiyo kwanza, na mafuta husubiri zamu yake. Isitoshe, kinywaji hufungua hamu ya nyama choma, nao usingizi wa mlevi hukatikakatika hata akaamka amechoka kuliko alivyolala. Tangu Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Kwa chupa 3 kila siku, hizo ni kalori zaidi ya 27,000, na kilo 1 ya mafuta ya mwili hubeba kalori kama 7,700. Basi zile kilo 4 hazikuwa muujiza wala uchawi wa dawa. Zilikuwa tunda la kujinyima na la kutembea kwa miguu.

Wala si uzito peke yake. Tangu mwaka 1988 vileo vimeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Anayeacha chupa kwa ajili ya mwili wake hachezi.

Hoja ya pili: Yesu aligeuza maji kuwa divai huko Kana, na Paulo alimshauri Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo. Ni kweli, nasi hatuthubutu kuiita divai najisi, sisi tunaoiinua altareni kila siku. Lakini tazameni vema. Kana, Bwana aliwaokoa wenyeji na aibu. Hakumwaibisha mgeni yeyote kwa kumlazimisha anywe. Na Timotheo alishauriwa kwa sababu ya afya yake. Ikiwa afya ilitosha kuwa sababu ya kunywa kidogo, kwa nini isitoshe kuwa sababu ya kuacha?

Hoja ya tatu: kuacha pombe ni mambo ya madhehebu mengine, Mkatoliki hunywa. Anayesema hivyo hajui historia ya nyumba yake mwenyewe. Yohane Mbatizaji, tangu kabla ya kuzaliwa kwake, alitengwa na divai na kileo. Mwaka 1898, mjini Dublin, Padre James Cullen, Mjesuiti, alianzisha chama cha Wakatoliki wanaojinyima vileo maisha yao yote kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Katika mji huohuo aliishi kibarua Matt Talbot, mlevi tangu ujana wake, aliyeacha pombe mwaka 1884 na kudumu hivyo hadi kufa kwake mwaka 1925. Papa Paulo wa Sita alimtangaza Mtumishi huyo wa Mungu kuwa Mheshimiwa mwaka 1975. Bia si nembo ya Ubatizo wetu.

Hoja ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu inavaa vazi la wema: ukarimu. Mgeni lazima apewe, na akipewa apokee. Ndugu zangu, ukarimu humpa mgeni anachokihitaji. Ukimpa mtu kitu kinachomvunja kisha ukamdai akushukuru, hapo si yeye unayemkarimu, bali unaikarimu sifa yako mwenyewe. Sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi inatuagiza tuache hata nyama na divai iwapo vitamkwaza ndugu. Haituagizi tumchunguze kwanza ndugu huyo kama sababu zake zinatupendeza.

Na tuseme ukweli wote: hata sisi paroko wenu tumo hatiani. Ni mara ngapi tumealikwa kubariki chakula, tukaona kreti zimepangwa hadi dirishani na maji yamesahauliwa, nasi tukabariki na kukaa? Ni mara ngapi mzaha wa namna hii umepigwa mbele yetu, nasi tukacheka pamoja na wenzetu ili tusionekane wakali? Mshipi wa alba yetu nao unashuhudia kwamba hatuzungumzi kama watu wasiohusika. Tunaungama mbele yenu, na tumekusudia kujirekebisha.

Kwa wewe uliyeanza kujinyima, tuna neno pia. Katekisimu ya Kanisa, namba 2290, inaweka pombe kupita kiasi pamoja na ulafi miongoni mwa yale ambayo fadhila ya kiasi inatufundisha kuyaepuka. Lakini namba inayotangulia inatuonya tusiugeuze mwili kuwa sanamu ya kuabudiwa. Mizani ni mwalimu wa darasa la kwanza, basi usibaki kwake miaka yote. Siku utakapofikia kilo ulizozitamani, sababu yako itakuwa imekwisha, na chupa itakuwa bado ipo. Tafuta mapema sababu ya pili: mke na watoto watakaokupata jioni ukiwa na akili timamu, fedha zitakazomfikia mwenye shida, sala ya usiku isiyosinzia. Na aliyezoea kunywa sana kila siku asikate ghafla peke yake, kwa maana mwili waweza kutetemeka na hata kupata degedege. Aende kwanza kwa daktari.

Kwa jumuiya zote na kamati za sherehe, tunaomba mambo 3. Kwanza, maji na juisi viwekwe mezani sawasawa na vinywaji vingine, mgeni asilazimike kuviomba. Pili, anayekataa kileo asiulizwe sababu. Tatu, mzaha ukianza, mwenye nyumba auzime palepale. Nasi tukiwapo tutauzima wenyewe, hata kama ni sherehe ya jubilei ya padre.

Baba yule ameanza tena tangu Jumatatu. Sherehe ya Komunyo ya Kwanza inakaribia, naye amealikwa. Atakaa miongoni mwenu, na ataomba maji. Mpeni maji.

Tunawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu