FEDHA KWA KILA MTU: IWE NYONGEZA, ISIWE BADALA YA MSHAHARA



Wako wanaoshauri kwamba Serikali impe kila raia fedha kila mwezi, awe na kazi au hana, bila kuuliza mali yake. Jambo hili latuhusu sana sisi wa Kitui na Makueni, basi hatuna budi kulipima.

Wanaolipinga husema: mtegemea cha ndugu hufa maskini. Lakini ndugu huyo anayetegemewa ni nani? Ni sisi. Mvua ikikosa Mwingi au Kibwezi, mshahara wa kibarua mmoja ndio unaonunua unga wa baba, mama na yatima wa ukoo. Na kwa amri ya mishahara ya mwaka 2024, kima cha chini cha kibarua wa shamba asiye na ujuzi hakikufika shilingi 8,000 kwa mwezi. Mshahara huo hautoshi nyumba moja, seuze mbili.

Faida yake twaijua. Mwaka 2018, kwa mpango wa Inua Jamii, Serikali ilianza kuwalipa wazee waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni shilingi 2,000 kwa mwezi, bila kuuliza nani maskini zaidi. Hilo lilikuwa jema. Ukame ukiingia, ghala zote za kijiji huwa tupu. Ukimchagua jirani mmoja na kumwacha mwingine umezaa fitina, na mwandika orodha amepata nafasi ya kudai chai.

Je, watu watakuwa wavivu? Tutazame Siaya na Bomet, ambako shirika la GiveDirectly lilianza kuwalipa watu wazima wa vijiji vingi kiasi cha senti 75 za dola kwa siku, wengine kwa ahadi ya miaka 12. Wachunguzi walieleza mwaka 2023 kwamba watu hawakuacha kazi. Baadhi waliacha vibarua, wakafungua biashara ndogo zao wenyewe. Nasi hatushangai. Watu wetu walichimba matuta kwa mwethya bila kungoja malipo.

Lakini hatari ziko, tena kubwa.

Kwanza ni mwajiri. Mwaka 1795, huko Speenhamland, Uingereza, mahakimu waliamua kuwaongezea vibarua maskini fedha za parokia kwa kufuata bei ya mkate. Baadaye wengi walilalamika kwamba wenye mashamba waliacha mishahara ikae chini, kwa kuwa parokia italipa kilichopungua. Wanahistoria wangali wanabishana juu ya ukubwa wa madhara hayo, ila onyo latutosha. Tusije tukaambiwa: "Serikali imekwisha kukupa, wataka nyongeza ya nini?"

Pili, ahadi ni deni. Fedha za wazee zimewahi kuchelewa miezi kadhaa, na mzee hakopi dukani kwa ahadi. Tena zile shilingi 2,000 za mwaka 2018 zilikuwa 2,000 zile zile mwaka 2024, na bei ya unga haikuzingoja.

Tatu, ni gharama. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kitui na Makueni zina watu zaidi ya milioni 2.1. Kila mmoja akipewa shilingi 2,000 kwa mwezi, ni zaidi ya bilioni 50 kwa mwaka. Mgao wa kaunti zote mbili kutoka Serikali kuu mwaka wa fedha 2021/22 haukufika bilioni 19. Ikiwa fedha hizo zitatoka katika kodi ya unga na sukari, tutakuwa tumejilipa wenyewe. Ikiwa zitatoka katika zahanati na mabwawa, tutakuwa tumepata hasara, maana shilingi 2,000 haziwezi kununua maji mahali yasipokuwapo.

Kwa hiyo twasema hivi. Mpango tunaukubali, uanze na wazee wote na watoto, kisha upanuliwe kadiri ya uwezo. Malipo yawekwe katika sheria, yawe na tarehe, yapande pamoja na bei. Yasiguse hospitali, shule wala maji. Na hata senti moja isihesabiwe katika mapatano ya mishahara.

Kila tawi lijadili masharti haya na kuwaagiza wajumbe wake. Tusipoyadai sasa, wengine watatupangia.

Umoja ni nguvu.