Luberizi na saini za Washington
Desemba 4, 2025, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walitia saini mkataba wa amani Washington. Wiki haikuisha, mapigano yakateremka bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, yakapita Luvungi na Luberizi, na waasi wa M23 wakaingia mji wa Uvira. Watu walivuka mto kukimbilia Burundi huku wino haujakauka. Kuingia vitani ni rahisi kwa sababu huhitaji zaidi ya sababu moja. Mwaka 1996 Rwanda ilitaja wauaji wa mauaji ya kimbari ya 1994 waliojificha kambini Kivu, na hofu ile ilikuwa na msingi. Lakini jeshi lake likafika hadi Kinshasa, na 1998 vita vikaanza upya, safari hii dhidi ya Laurent-Désiré Kabila yule yule waliyemtawaza. Kutoka ndiko kugumu. Kigali inasema waasi wa FDLR, warithi wa wauaji wale, waondolewe kwanza, Kinshasa inasema majeshi ya Rwanda yaondoke kwanza, na hilo neno “kwanza” limekula miaka. Katikati wapo wanamgambo wa Wazalendo waliopewa silaha, wanajeshi wa Burundi, M23 ambao hawakuwa watia saini wa mkataba ule, na vizuizi vya barabarani ambako kila lori hulipa. Nani kati yao atavunja kizuizi chake kwa hiari? Naamini hakuna mkataba utakaoshika bondeni mpaka wakulima na wafugaji wa huku, Wafuliiru, Warundi, Wabanyamulenge, wakae mezani wenyewe kuzungumzia ardhi na uchifu; ni katika uhasama wa jamii hizo hizo ambapo kule Mutarule, jirani na Luberizi, watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja, Juni 2014.