*KARIAKOO INAHITAJI VIONGOZI WA TEKNOLOJIA, SIYO MAFUNDI TU*



Uongozi wa tawi unaleta kwenu jambo hili mlisome kabla ya kikao chetu kijacho. Linahusu biashara zetu na vijana wetu.

Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT. Tarehe 15 Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja. Tarehe 24 Juni 2024 yakafungwa tena. Malalamiko yalikuwa mengi: kamatakamata, wingi wa kodi, usajili wa stoo. Ugomvi wa risiti nao ulikuwemo. Yaani zaidi ya miaka kumi baada ya mashine kuingia, bado hatujaelewana juu ya risiti!

Hatusemi kodi isilipwe. Tunasema mfumo wowote unaokuja Kariakoo unahitaji watu wanaojua mambo mawili kwa pamoja: kompyuta na biashara ya hapa. Wa kompyuta wapo. Wa biashara tupo tele. Wenye yote mawili, na wenye sauti ya kusikilizwa, ni wachache mno.

Tutoe mfano. Tajiri mwenye fremu tatu ananunua programu ya kuhesabu mali. Programu inataka bei moja kwa kila bidhaa. Kariakoo bei ni maelewano: jumla yake, rejareja yake, na mteja wa siku zote ana yake. Kuna mali kauli pia, mzigo unatoka leo na hela inakuja wiki ijayo. Wauzaji hawakuulizwa lolote, basi wanarudi kwenye daftari. Hapo fundi hana kosa, kompyuta inawaka vizuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema: duka hili linafanyaje kazi, na tunataka kubadilisha nini? Huyo ndiye tunayemwita kiongozi wa teknolojia.

Dalili za kuachwa nyuma tunaziona. Winga asiye na fremu anapiga picha mali ya tajiri, anaiweka mtandaoni, anauza hadi Mbeya na Mwanza. Wateja wanabaki kwenye simu yake. Leseni ya biashara sasa inaombwa kwa mfumo wa Tausi, lakini wako wenzetu wanaojaziwa kwenye duka la steshenari, na nywila anabaki nayo aliyejaza. Ukishaacha ufunguo wa duka lako kwa mtu baki, wewe ni mpangaji tu.

Wapo wanaohofu kwamba kijana akionyeshwa hesabu ataondoka na siri za duka. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kumficha hakuleti usalama. Usalama unaletwa na mkataba wa maandishi na mgawanyo wa kazi: anayeingiza mali kwenye mfumo asiwe yule yule anayehakiki, na mwenye duka awe na nywila yake mwenyewe. Hiyo ni kanuni ya kawaida ya uhasibu, na ilikuwepo kabla ya kompyuta.

Vijana wa kuanzia nao hawako mbali. DIT, CBE na IFM vyote viko hapa hapa katikati ya jiji, tunavipita kwa miguu. Kila mwaka wanafunzi wao wanatafuta nafasi za mazoezi kwa vitendo, na sisi tuna maelfu ya maduka.

Kwa hiyo tunapendekeza kikao kipitishe mambo matatu:

1️⃣ Kila mtaa uandikishe wanachama walio tayari kumpokea mwanafunzi mmoja wa mazoezi. Akae dukani, ashike stoo, auze, ndipo aguse kompyuta.

2️⃣ Vijana wetu walioko madukani tayari, mawinga wakiwemo, watafutiwe mafunzo ya jioni ya hesabu na mifumo. Wasichana wapewe nafasi sawa. Wengi wao ndio wanaotunza madaftari ya maduka haya.

3️⃣ Tawi lipeleke ombi ngazi za juu za chama: kabla mfumo mpya haujaanza kutumika Kariakoo, ujaribiwe kwanza kwenye maduka machache, na wawakilishi wa wafanyabiashara waliofunzwa wawepo tangu siku ya kwanza.

Ndugu wanachama, kufunga maduka kulitupatia masikio ya viongozi kwa siku chache. Kuwa na watu wetu wanaojua kutatupatia kiti cha kudumu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Njoo kikaoni na jina la kijana mmoja unayemwamini. Watumie na wenzako ujumbe huu.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya uongozi wa tawi._