Mlezi wa Mtoto Asiwe Mtoto

Ndugu wazazi, mnunuzi wa mbuzi humtazama meno ili ajue umri wake. Vipi basi yaya tumkabidhi mwanetu bila kumuuliza umri wala kwao? Inasikitisha kuona katika nyumba nyingi kigezo kikiwa kimoja tu: urahisi wa ujira. Ndiyo maana huletwa kutoka kijijini binti wa miaka 12, naye bado ahitaji kulelewa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Na aliyefikisha umri huo huruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuilia masomo. Kulea mchana kutwa si kazi nyepesi. Mtoto akipaliwa au akishikwa na degedege, binti huyo atafanya nini?

Tunawanasihi: mtafuteni mtu mzima, waulizeni aliowalelea kabla yenu, shindeni naye siku kadhaa kabla ya kumwachia nyumba, na mlipeni haki yake kwa wakati. Mtoto wetu ni amana. Na binti wa mwenzetu naye ni amana.