Tusilaumu ganda, tulaumu unyevu

Mhariri,

Wanaodai kuwa risasi za ganda la aluminiamu hazifai kujilinda wanaangalia upande mmoja. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma; ikipigwa na hewa hujifunika utando mwembamba unaoikinga. Kinachoharibu risasi ni unyevu unaopenya hadi kwenye fataki na baruti, nao haubagui ganda. Huku kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kisanduku kisichopitisha hewa kina uzito zaidi kuliko aina ya ganda.

Ni kweli, aluminiamu hainyumbuki kama shaba iliyochanganywa na zinki. Lakini ganda lililobonyea au kuchubuka huonekana kwa macho, likatengwa. Nayo sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inadhibiti silaha pamoja na risasi. Basi wenye leseni wafundishwe kuzitunza zote mbili.

Msomaji,
Mwanza