Mashine ya kuchanganyia inaposimama ndipo hatari inapoanza

Mavuno yanapoanza katika uwanda wa juu wa Ufipa, mahindi hushuka bei na pumba hupatikana kwa wingi. Huo ndio wakati ambapo mfugaji wa Pito, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, anaona hana sababu ya kununua chakula cha kuku kilichosafirishwa kutoka mbali. Anabeba malighafi zake hadi kwenye mashine ya jirani: mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti, soya, dagaa wa Ziwa Tanganyika, chokaa na chumvi. Baada ya muda mfupi anaondoka na chakula kamili, na fedha ambayo ingelipia nauli ya chakula cha kiwandani inabaki mkoani. Kiuchumi hilo ni jambo la kuungwa mkono bila kusita.

Lakini mashine zimeongezeka kuliko utaratibu wa kuziendesha. Mtu anayenunua mashine ya kuchanganyia huuliza inachukua kilo ngapi, inakula umeme kiasi gani na italipa gharama yake baada ya miezi mingapi. Ni wachache wanaouliza itasafishwa vipi, na nani atakuwa ameshika ufunguo wakati mtu ameingiza mkono ndani. Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua kama kibarua atarudi nyumbani na vidole vyake vyote.

Ifahamike kwamba mashine hizi zinahadaa macho. Kinu cha kuparaza hupiga kelele na kuzunguka kwa kasi, kwa hiyo kila mtu hukiogopa. Mashine ya kuchanganyia ni tofauti. Ile ya kulala, yenye mapanga yaliyojipinda ndani ya pipa, huzunguka taratibu, labda mara 30 au 40 kwa dakika. Mtu anaona panga likipita na kudhani anaweza kuupenyeza mkono na kuutoa kabla panga la pili halijafika. Anasahau kwamba mota yenye nguvu ya farasi 7.5, iliyopunguzwa kasi kwa puli au giaboksi, inaongezewa nguvu ya kusokota. Mashine inayogeuza nusu tani ya pumba haitasimama kwa sababu imekutana na mfupa wa mkono.

Ile ya kusimama wima, ambayo ni rahisi zaidi kutengenezwa na mafundi wetu wa kuchomelea, ina skrubu ndefu inayonyanyua chakula kutoka chini na kukimwaga juu, kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Kasoro yake inajulikana: chini kabisa hubaki chakula ambacho skrubu haikifikii. Wateja hawapendi kuacha kilo zao kwenye mashine ya mtu. Basi mlango mdogo wa chini hufunguliwa huku skrubu ikizunguka, na kibarua hukikokota chakula kwa kiganja. Kijiti kirefu cha mbao kingefanya kazi hiyo hiyo, tena baada ya mashine kuzimwa.

Yapo pia mabaki ambayo ni lazima yaondolewe, wala si kwa ajili ya uchoyo. Urea ambayo ng'ombe huweza kuitumia kwa kiasi kidogo haitakiwi kuingia katika chakula cha kuku na nguruwe. Dawa ya kuzuia koksidiosisi inayowekwa katika chakula cha vifaranga haitakiwi kuingia katika chakula cha kuku wa mayai. Kwa hiyo mteja anayedai pipa likwanguliwe kabla ya zamu yake ana haki. Tatizo ni namna linavyokwanguliwa, na hapo ndipo ajali nyingine hutokea, pengine iliyo mbaya kuliko zote.

Mashine imesimama. Umeme umekatika, au yuniti za LUKU zimekwisha katikati ya kazi. Vibarua hawataki kupoteza muda, hivyo mmoja anaingia ndani ya pipa au anaingiza mikono yote hadi begani ili akwangue. Swichi imeachwa ilipokuwa, kwa sababu hakuna aliyeizima. Umeme ulijizimia wenyewe. Upande wa pili wa ukuta mtu mwingine amerudi na namba za LUKU na anaziingiza kwenye mita. Hana habari na aliye ndani. Umeme unarudi, na mashine inaendelea pale ilipoishia.

Hapa hakuna mtu mlevi wala mzembe. Kila mmoja amefanya jambo la kawaida kwa nia njema. Ndiyo maana mabango ya kuhimiza watu wawe waangalifu hayatoshi. Kinachotakiwa ni kifaa na kanuni ambavyo havitegemei kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Kifaa ni stata ya sumaku badala ya swichi ya kawaida ya kunyanyua na kushusha. Umeme ukikatika stata hujiachia, na umeme ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe. Stata hiyo hiyo, ikiwekwa vizuri pamoja na kinga yake ya mzigo, huilinda mota isiungue pale njia moja kati ya tatu za umeme inapopotea. Mmiliki asiyeguswa na habari za vidole basi aguswe na bei ya kusuka mota upya.

Kanuni ni kufuli. Swichi kuu inazimwa, inafungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa yule anayeingia ndani, si mfukoni mwa msimamizi wala kwenye msumari ukutani. Wakiingia wawili, kufuli ni mbili. Kisha kabla ya kuingia, kitufe cha kuwashia kinabonyezwa ili kuhakikisha kwamba kweli mashine haiwaki. Nchini Marekani utaratibu wa namna hii uliwekwa katika kanuni za kitaifa za usalama kazini mwaka 1989. Kwa mashine inayoendeshwa na injini ya dizeli kanuni ni ile ile: injini izimwe na mkanda utolewe kwenye puli kabla mtu hajagusa ndani.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya viwanda vikubwa vya Dar es Salaam. Hesabu ya mashine ndogo inaonyesha kinyume chake, na pia inaonyesha kwa nini kanuni nzuri huvunjwa.

Chukua mfano wa mashine ya kilo 500 inayomaliza mzunguko mmoja, kujaza hadi kutoa, kwa dakika 20. Kuizima, kuifunga, kuikwangua na kuifungua tena kunaongeza dakika 5. Kwa saa tano, mashine inayosafishwa kwa usalama kila mzunguko itafanya mizunguko 12, yaani magunia 120 ya kilo 50. Isiyozimwa itafanya mizunguko 15, yaani magunia 150. Tofauti ni magunia 30. Endapo vibarua wanalipwa kwa gunia, kama ilivyo desturi katika kazi nyingi za mashine, basi usalama unawakata sehemu ya tano ya ujira wao. Mmiliki anabandika tangazo ukutani kwamba ni marufuku kusafisha mashine ikiwa inazunguka, halafu jioni anamlipa vizuri zaidi yule aliyelivunja. Kibarua anasoma malipo kabla ya kusoma tangazo, na mtu yeyote mwenye familia angefanya hivyo.

Dawa ya kwanza ni kulipa muda wa kusafisha kando ya malipo ya gunia. Dawa ya pili, ambayo haigharimu chochote, ni kupanga foleni ya kazi. Vyakula visivyo na dawa vitangulie asubuhi, cha kuku wa mayai kikiwa cha kwanza, vinavyofanana vifuatane, chenye dawa kifuate, na chenye urea kiwe cha mwisho. Kabla ya kurudi kwenye kuku, pumba tupu ipitishwe ndani ya mashine ili ibebe mabaki, kisha iwekwe alama na kutunzwa kwa ajili ya mchanganyiko unaofuata wa ng'ombe. Kwa mpango huo, usafishaji wa mara 12 unaweza kushuka hadi mara mbili au tatu kwa siku. Dakika zilizokuwa zikipotea zinarudi, na idadi ya mara ambazo mtu anaingiza mkono ndani inapungua kwa kiasi hicho hicho. Mteja aliyezoea kuhudumiwa kwa kuwahi atanung'unika. Atazoea.

Kuna suala la mavazi ambalo katika Ufipa lina uzito wa pekee. Juni na Julai ndiyo miezi ya kazi nyingi, na ndiyo miezi ya baridi na upepo mkali. Watu huja kazini na makoti mapana, mitandio na vitenge vilivyofungwa juu ya nguo nyingine. Shafti isiyofunikwa haihitaji zaidi ya pindo moja la kitenge. Si haki kumwambia mama anayepepeta mahindi avue nguo ya baridi huku mkanda na puli vikiwa wazi hatua mbili kutoka mgongoni mwake. Mkanda ndio ufunikwe. Kipande cha bati gumu, nondo chache na saa chache za fundi wa kuchomelea vinatosha. Mdomo wa kumwagia malighafi nao uwekewe wavu wa nondo ambao pumba hupita lakini mkono haupiti.

Vumbi nalo lisidharauliwe. Huharibu mapafu ya wanaoshinda ndani yake, na likizidi hewani katika chumba kilichofungwa huweza kulipuka kwa cheche moja. Kinu cha unga cha Washburn A mjini Minneapolis, Marekani, kililipuka mwaka 1878 na kuua watu 18. Madirisha wazi, ufagio na marufuku ya sigara ndiyo mahali pa kuanzia.

Kuhusu sheria, nchi haina upungufu. Sheria ya Viwanda, Sura ya 297, ilikuwapo tangu mwaka 1950, enzi za Tanganyika ya kikoloni. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa Serikali, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008 na mfuko wake, WCF, ukaanza kazi mwaka 2015. Lakini kwa wamiliki wengi wa mashine ndogo majina hayo husikika kama tozo nyingine juu ya tozo, na kibarua wa siku moja hajui hata kwamba anaweza kuwa na haki yoyote. Mkono ukisagika, mzigo humwangukia yeye na ndugu zake: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga, na ikishindikana, safari ya zaidi ya kilomita 300 kwenda Mbeya. Gharama hiyo haionekani katika daftari la mashine, na kwa sababu haionekani, mashine isiyo na kinga huonekana rahisi kuliko ilivyo.

Kwa kuwa wakaguzi hawawezi kusimama katika kila mlango, kuna haja ya kuibana mashine pale inapoingia sokoni. Halmashauri hutoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Vikundi vinavyoomba fedha za mashine za kusaga na kuchanganya vipewe, ila hati ya bei kutoka kwa fundi ionyeshe stata, kifuniko cha mkanda, wavu wa mdomoni na swichi inayofungika kwa kufuli. SIDO, ambayo imekuwa ikihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, inaweza kuwapa mafundi wa Sumbawanga mchoro mmoja wa vifuniko wanavyoweza kuutengeneza wote.

Ufipa si mgeni wa kazi za hatari. Kabla ya majembe ya dukani, mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, na kila tanuri lilikuwa na mkuu wake na miiko yake. Mashine nyingi za leo hazina mkuu. Yeyote aliye karibu huiwasha na yeyote aliye karibu huizima. Mmiliki anayeanzia hapo, kwa kumtaja mtu mmoja kwa zamu ambaye peke yake ndiye anayebonyeza kitufe cha kuwashia na ndiye anayeingiza namba za LUKU, baada ya kuwahesabu wenzake wote kwa macho, atakuwa amefanya nusu ya kazi kabla hata ya kumwita fundi. Na kwa fundi asichelewe, maana ikifika Mei foleni ya magunia huwa imeshaanza na hakuna atakayekubali kuizima mashine ili ichomelewe kifuniko.