Leseni si kinga ya mfuko wako

Marekani kuna programu ya simu iitwayo Kalshi inayompa mtu nafasi ya kuweka pesa kwenye jawabu la swali. Je, benki kuu itapunguza riba? Nani atashinda uchaguzi? Timu gani itabeba kombe? Wenyewe hawakubali kuiita kamari. Wanaiita soko la utabiri, na wanasisitiza kuwa lina leseni ya serikali kuu. Neno hilo, leseni, ndilo linalotuhusu sisi wa Pwani, kwani vijana wengi Kisauni na Likoni huamini kuwa kilichopewa leseni ni salama.

Tuangalie linavyofanya kazi. Kila swali lina mikataba ya Ndiyo na ya Hapana. Matokeo yakitoka, mkataba uliopatia hulipwa dola 1, uliokosea haulipwi kitu. Kabla ya hapo bei hupanda na kushuka kati ya senti 1 na senti 99. Tuseme umenunua mikataba 100 ya Ndiyo kwa senti 40. Umetoa dola 40. Upande wa pili yupo mwenzako aliyetoa dola 60 kununua Hapana. Dola hizo 100 zitamwendea mmoja wenu. Mwenye soko hajali ni nani, yeye anakata ada yake.

Ni kweli kuna tofauti na kubeti tulikokuzoea. Bei hupangwa na wanunuzi na wauzaji wenyewe, na unaweza kuuza mkataba wako kabla ya matokeo. Lakini hayo hayabadilishi hesabu: faida ya mmoja ni hasara ya mwingine.

Leseni yenyewe ilitolewa mwaka 2020 na CFTC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba ya bidhaa kama mahindi na mafuta. Kazi ya tume ni kuhakikisha soko haliibi. Haikuahidi mtu yeyote kuwa atapata. Mwaka 2023 tume hiyo hiyo ilikataa mikataba ya uchaguzi. Kampuni ikaenda mahakamani na kushinda Septemba 2024, na kufikia uchaguzi wa Novemba watu walikuwa wakinunua na kuuza.

Januari 2025 ikaingia kwenye michezo. Hapo majimbo kama Nevada na New Jersey yakapaza sauti: hii ni kamari, ifuate sheria zetu. Kampuni ikajibu kuwa leseni ya serikali kuu inatosha. Majimbo mengi yanataka mtu awe na miaka 21 ndipo abeti michezo, lakini programu hii inampokea wa miaka 18. Mwaka huo Texas na California zilikuwa hazijahalalisha kubeti michezo mtandaoni, na bado mikataba hiyo iliwafikia watu wao. Jina lilifungua mlango ambao sheria ilikuwa imeufunga.

Watetezi husema soko kama hili humsaidia mtu kujikinga na hasara. Mfanyabiashara anayeogopa riba kupanda anaweza kununua mkataba utakaomlipa ikipanda. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mvuvi wa Vanga hapotezi wavu wake kwa sababu Arsenal imefungwa. Asiye na hasara ya kukinga, anakinga nini? Huyo anacheza tu. Kwa Muislamu, mizani ni hiyo hiyo: kamari hupimwa kwa kilichomo ndani, si kwa maandishi ya mlangoni.

Hapa Kenya somo liko karibu. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwaka huo huo tukapata sheria mpya ya kamari. Wanaoitekeleza wajiandae: kesho mchezo unaweza kuja ukiitwa uwekezaji, una chati kama za soko la hisa na leseni ya nchi nyingine. Wasisome jina. Waulize pesa zinatoka kwa nani na zinakwenda kwa nani.

Na wewe kijana, siku ukiletewa programu ya aina hii, uliza hivi: nikishinda, nani amenilipa? Kama jawabu ni mwenzako aliyeshindwa, basi jua kuna siku mwenzako ni wewe.